Upara, Magamba na Alama ya Mzee Athumani

Asubuhi niliyoondoka Somanga sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, kuuza samaki wa kukaanga kando ya barabara kulikuwa kumenichosha, na lori lililobeba mabati lilikuwa limesimama, dereva akinywa chai. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema Kilwa Masoko. Nikapanda. Mama alikuwa shambani, nikamwachia jirani salamu. Lori lile lingekuwa linakwenda upande wa pili, leo ningekuwa nimestaafu kazi nyingine kabisa.

Ukinyozi nimeuacha juzijuzi kwa sababu mkono wa kulia umeanza kutetemeka. Fundi wa viatu akitetemeka unapata kiatu kibaya. Kinyozi akitetemeka unapata jambo lingine. Vijana wa saluni hapa Rasbura wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, na najua walitegemea mitindo. Mitindo mnaijua kunizidi. Mimi nitawaandikia habari za wateja ambao nyinyi mnawapokea kwa miayo mkidhani hawana kazi: wenye upara.

Lori liliniteremsha mbele ya banda la kinyozi mmoja aliyeitwa Fundi Mbaraka. Alikuwa anamnyoa mtu ndevu, na kichwa chake mwenyewe kiling'aa kama sahani iliyooshwa. Nikacheka.

"Unacheka nini, wewe wa kwenye mabati?"

"Kinyozi asiye na nywele."

"Kwani mkunga lazima awe na mimba?"

Mteja alicheka mpaka Fundi akaondoa wembe shavuni pake na kungoja atulie. Hilo lilikuwa somo la kwanza, ingawa sikujua: mtu akicheka, mkono unangoja. Nilifagia nywele siku hiyo, nikalala palepale bandani, na kesho yake Fundi akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, akanipa wembe.

"Anza na mimi," akasema. "Ukinikata mimi, nitajua mimi. Ukimkata mteja, Masoko nzima itajua."

Wembe wangu wa kwanza, basi, ulipita kwenye upara. Nilidhani ni kazi nyepesi, maana nywele zilikuwa pembeni tu, juu ya masikio na kisogoni. Kumbe kichwa kisicho na nywele ndicho kigumu. Kina mabonde, kina mishipa, kina makovu ya utotoni, na hakuna kitu cha kukusitiri ukikosea. Fundi alikaa amefumba macho, akiniambia bila kuniona, "Hapo umebonyeza. Hapo umeogopa. Kuogopa kunakata kuliko kubonyeza."

Yeye ndiye aliyenifundisha kuanza na vidole. Mteja akikaa, usikimbilie mashine. Weka kiganja kichwani, kipitishe polepole kama unayetafuta mchanga kwenye mchele. Mwenye nywele akiwa na mba, nywele zinamfichia. Mwenye upara unga wake uko mabegani, kila mtu anauona, na yeye anajua kwamba wanauona. Ndiyo maana wengi wanavaa kofia kutwa, kofia inalowa jasho, haifuliwi, na magamba yanazidi chini yake.

Magamba si kitu kimoja. Yale mepesi yenye mafutamafuta, yanayokaa pia kwenye nyusi na kando ya pua, hiyo ni mba. Inatulizwa, haiondoki moja kwa moja, na mteja aambiwe hivyo ili asitupe hela kwa kila anayemwahidi kuimaliza. Ngozi iliyopauka tu, inayokwaruza, mara nyingi ni ukavu: mtu anaogea sabuni ya kufulia, anapaka maji kichwani kila anapotawadha, kisha anatoka kwenye upepo wa chumvi. Huyo mwambie ajikaushe kwa kitambaa na apake mafuta kidogo, asiyamwage kama anayekaanga. Miduara yenye kingo zilizoinuka ni mapunye. Hapo hunyoi, unamwelekeza zahanati, na vifaa vyako unavisafisha kwa spiriti hata kama hukumgusa, kwa sababu huwezi kuwa na hakika hukumgusa.

Gamba halibanduliwi kwa kucha wala kwa wembe. Mpe mteja mafuta ya nazi apake jioni, asubuhi weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na lililo tayari kutoka litatoka. Lisilotoka liache. Halijakukosea chochote.

Na kulikuwa na kanuni moja Fundi Mbaraka aliyoirudia mpaka nikaichukia. "Magamba yakitanda kichwa kizima, tibu. Gamba likirudi palepale, palepale tu, acha kutibu. Uliza. Lilianzia wapi?"

"Na asiposema?"

"Uliza tena siku nyingine. Kichwa hakidanganyi. Mwenye kichwa ndiye."

Nilikaa kwake mpaka miguu ikaanza kuniwasha, nikahamia Kivinje. Huko nilikutana na bwana mmoja wa mashamba ya chumvi, upara mtupu, aliyechoshwa na mba. Mtu alimwambia ndimu inaua mba. Akajikamulia ndimu kichwani asubuhi, akaenda kukwangua chumvi juani kutwa. Alipokuja kwangu alikuwa na michirizi myeusi iliyovimba malengelenge toka utosini mpaka nyuma ya masikio, kila tone la ndimu lilipopita limechora njia yake. Ndimu na jua havikai pamoja kwenye ngozi. Nilimpeleka zahanati mwenyewe, na njia nzima alikuwa akiniuliza kama hiyo mba, angalau, imekufa.

Sikukaa sana Kivinje wala mahali pengine. Nilikuwa mtu wa kusikia jina la kijiji na kutaka kujua watu wake wananyoaje. Mashine zilipokuja za kuchaji nilinunua na sola ndogo ya kukunja, nikawa naweza kwenda popote, na hivyo ndivyo nilivyofika Songo Mnara. Wageni huvuka kwenda kuona magofu. Mimi nilikwenda kuona vichwa.

Kisiwani nilipewa baraza la nyumba moja karibu na msikiti, na mteja wangu mkubwa alikuwa mwadhini, Mzee Athumani. Mwili mwembamba, sauti nzito kuliko mwili, upara kuanzia paji la uso hadi utosini. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza kukaa. Juu ya paji lake, pale nywele zilipoanzia zamani, alikuwa na doa jeusi, gumu, lenye magamba. Watu walilijua kabla hawajamjua yeye. Wote walimwita Mzee wa Sijida, kwa kuamini ni ile alama inayomtokea mtu kwa kusujudu sana. Ugomvi wa mpaka wa shamba ukitokea, aliitwa yeye. Ndoa ikihitaji shahidi, yeye. Mkwewe Shabani, aliyemwoa binti yake wa pekee na mwenye boti ya mashine, hakuwa anaanza sentensi bila "Baba mkwe wangu, yule wa sijida."

Mara ya kwanza kumnyoa nilipitisha kiganja kama kawaida. Kilipofika kwenye doa, Mzee alinishika mkono.

"Hapo pita mbali, Fundi."

"Panauma, Mzee?"

"Pita mbali."

Nikapita mbali. Lakini jicho halizuiliwi kwa mkono. Magamba ya doa lile yalikuwa yanakaa tabaka juu ya tabaka. Wiki hii nayaona yamebanduka, wiki ijayo yamerudi, mazito zaidi, palepale. Ukingo wake ukaanza kuinuka kama mdomo wa sufuria. Halafu Ijumaa moja, nilipomfunga taulo shingoni, nikasikia harufu. Wenye kazi hii mnaijua. Si harufu ya jasho wala ya kofia.

"Mzee," nikasema polepole, wengine wakiwa wanapiga soga, "doa hili lilianzia wapi?"

Aliniangalia kwenye kioo. "Unaswali, Fundi?"

"Naswali."

"Basi unajua lilikoanzia."

Nilimnyoa mpaka mwisho. Mimi ni mpita njia, kinyozi wa begi, na hapa nilikuwa nataka kukiambia kisiwa kizima kwamba kitu wanachokiheshimu kinanuka.

Bi Zuhura, mke wa Mzee, ndiye aliyenifuata siku hiyohiyo, nikiwa nachemsha vitana. Alisimama upande wa jiko, akaangalia pembeni kama aliyekuja kuomba kaa la moto.

"Umenusa?"

"Nimenusa, Bi Zuhura."

"Mto wake naufua kila asubuhi. Nikimwambia, ananiambia nimekuwa mzee, naona mambo." Akashusha pumzi. "Tulikwenda ng'ambo, kwenye zahanati, kabla hujaja. Mganga akamuuliza, 'Mzee, hii imeanzaje?' Shabani akawahi, 'Ni sijida, daktari.' Na huyu bwana wangu akaitikia kwa kichwa. Tukapewa dawa ya kupaka, ya kulainisha ngozi iliyokomaa. Mganga afanye nini? Kaambiwa sijida, akatibu sijida."

"Na wewe unadhani ni nini?"

"Nilipoolewa alikuwa na nywele, tena nyingi. Upara ulipoanza, ndipo lile doa likaonekana. Mimi nilidhani limeota. Watu wakasema, mashallah, sijida. Nikafurahi kama wao. Lakini, Fundi, sijida inatoa usaha?"

Nilimwambia mimi si daktari, ila nimeshika vichwa vingi, na kichwa hiki kinanitia hofu. Kitu kinachorudi palepale, kinachoinuka kingo, kinachonuka, hakingoji. Akasema atazungumza naye. Akazungumza naye. Mzee akahama chumba.

Ijumaa iliyofuata baraza lilikuwa limejaa. Nilimkalisha Mzee, nikamwekea kitambaa cha maji ya uvuguvugu, mbali na doa, kama alivyotaka. Lakini kitambaa kizito kinateleza. Kiligusa ukingo, nikakiinua taratibu, na gamba zima likaja nacho. Damu ikashuka, ikapita kwenye nyusi, ikaingia jichoni. Nikabana kwa kitambaa safi. Nikiachia, inashuka. Nikabana tena.

Shabani alikuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa. Alisimama.

"Umefanya nini?"

"Sijashika wembe, Shabani. Wembe ule pale, bado uko kwenye karatasi."

"Hii damu imetoka hewani?"

"Ngozi ya hapa ni mbovu. Inahitaji hospitali."

Baraza zima likatugeukia.

"Rudia," Shabani akasema, akinisogelea. "Sijida ya baba yangu ni nini?"

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado umebana kichwa cha Mzee. Nisingeweza kuuondoa, na nisingeweza kusogea. Mtu mmoja nyuma akasema, "Si nilisema hawa vinyozi wa begi?" Mwingine akasema nitolewe pale kwa heshima kabla sijatolewa vinginevyo. Shabani alikuwa karibu sana, naona mshipa unavyocheza shingoni pake, na nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba ana mba nyuma ya sikio.

"Mwacheni," Mzee akasema.

Neno hilo tu. Hakusema sijakata. Hakusema nimekata. Alichukua kitambaa mkononi mwangu, akakibana mwenyewe, akaondoka nacho.

Hakuna aliyekaa kwenye kiti changu tena. Jioni nililetewa ujumbe kwamba boti ya Shabani inavuka kesho na nafasi yangu ipo, naombwa nisiikose.

Asubuhi nikakuta Mzee Athumani yuko ndani ya boti tayari, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe chenye doa la damu. Usiku damu haikukatika vizuri, na Bi Zuhura alikuwa amemwambia maneno ambayo sikuyasikia ila niliona matokeo yake. Shabani alikuwa anampeleka ng'ambo. Aliponiona alilisukuma begi langu la vifaa kwa mguu mpaka kwenye maji yaliyotuama sakafuni mwa boti. Nikaliinua, nikaliweka mapajani.

Maji yalikuwa yanakupwa, na kabla hatujafika boti ikakwama kwenye fungu la mchanga. Ikabidi kungoja maji yajae. Adhuhuri ikatukuta palepale. Tukatawadha kwa maji ya bahari. Mzee alikifungua kile kitambaa kilicholowa, akatangulia, Shabani na mimi nyuma yake, tukaswali juu ya mchanga.

Tulipotoa salamu aligeuka. Shabani alikwenda moja kwa moja kutazama nanga. Mimi nikabaki nikimwangalia Mzee, na sikuweza kuacha. Paji lake lilikuwa na maji ya udhu, kwa hiyo mchanga ulikuwa umeganda pale liliposujudu: duara la mchanga mweupe, katikati ya paji, juu kidogo ya nyusi. Juu ya duara hilo kulikuwa na ngozi tupu, upana wa vidole viwili au zaidi. Juu zaidi ya hapo ndipo lilipokuwa doa, na halikuwa na chembe moja ya mchanga.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na hasira ya jana, na Shabani alikuwa hatua chache tu. Lakini mtu mzima humwambii habari za kichwa chake wakati unaweza kumpa kioo.

"Mzee, una mchanga usoni," nikasema, nikatoa kioo cha mkono kwenye begi.

Alikipokea ili ajipanguse. Hakujipangusa. Aligusa mchanga kwa kidole. Akapandisha kidole polepole mpaka kwenye doa, akakirudisha chini. Alifanya hivyo tena, kama anayepima kitambaa.

"Kioo hiki kinakuza?"

"Hapana, Mzee. Ni cha kawaida."

Akanirudishia, akapangusa paji kwa kiganja, akafunga kitambaa kichwani. Tulipofika Masoko, Shabani akataka twende zahanati ileile.

"Lindi," Mzee akasema.

"Baba, Lindi mbali, na hapa wanakujua."

"Ndiyo maana nimesema Lindi." Kisha akanigeukia mimi. "Na Fundi twende naye."

Shabani alinitazama kama mtu aliyeambiwa alale na nge. Lakini baba mkwe akishasema, unabishana naye vipi?

Lindi mjini nilikuwa sijawahi kufika. Nimezunguka vijiji vya pwani hii nusu ya maisha yangu na mji mkuu wake nimeupita pembeni kila mara, pengine kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia niende. Tulipanda basi. Liliposimama Nangurukuru, wauzaji walikimbilia madirishani na trei zao, na Shabani akashuka kununua korosho za kukaanga. Alimpa Mzee pakiti kupitia dirishani, akaenda kutafuta maji. Mzee aliishika pakiti ile kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Nikakumbuka kwamba kisiwani, ambako kila anayetoka ng'ambo huja na korosho, sikuwahi kumwona akila hata moja.

"Fundi," akasema, akiangalia mbele. "Uliniuliza lilianzia wapi."

"Nilikuuliza."

"Kwetu ni bara, mashambani, huko nyuma ya Mchinga. Mama alikuwa anachoma korosho kwenye bati. Unajua zinavyowaka, ganda linavyotema mafuta. Nilikuwa mtoto, nikainama kutazama." Akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Nywele ziliota pembeni zikafunika. Nikaja kisiwani kijana, nikaoa, hakuna aliyejua. Upara ukafunua. Nikasikia mtu anasema sijida. Mimi sikusema, Fundi. Walisema wao. Nilinyamaza tu."

"Basi mwambie daktari hivyo."

"Mbele ya mkwe wangu?"

Nilimwambia kovu la moto la miaka mingi likianza kuchubuka na kutoka damu, daktari anahitaji kujua kwamba ni kovu la moto. Hilo nilikuwa nimelisikia kwa Fundi Mbaraka, naye alilisikia kwa mteja wake mmoja aliyekatwa kidole cha mguu akiwa amechelewa. Nilimwambia na hilo la kuchelewa pia.

"Nitasema sijida," akajibu. "Hawa ni wakubwa, watajionea wenyewe."

"Wa kwanza naye alikuwa na macho, Mzee."

Shabani akarudi na maji, na mazungumzo yakafa. Toka pale mpaka Lindi nilikuwa natazama doa la damu kwenye kitambaa likipanuka. Kwa mwendo ule, nilijua angejibu nini asubuhi, na kwamba angerudi kisiwani na dawa nyingine ya kupaka, na kwamba Bi Zuhura angeendelea kufua mito mpaka siku ambayo hakutakuwa na wa kuilalia.

Tulishuka alasiri. Mtu wa bodaboda akatuelekeza Rasbura, kwa mama mmoja anayepangisha vyumba, Bi Rehema. Tulimkuta uani anaanua nguo, mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyelea wengi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

Aliona kitambaa. "Pole. Kimekupata nini kichwani?"

Shabani akawahi, kama alivyowahi zahanati. "Huyu ni mwadhini wetu Songo Mnara, wanamwita Mzee wa Sijida. Sijida yenyewe ndiyo imeumizwa." Akanitupia jicho. "Na kinyozi."

"Subhanallah!" Bi Rehema akaweka nguo chini, akafuta mikono kwa khanga. "Basi mzee atakaa chumba cha mbele, kile chenye feni. Mtu wa namna hii humweki nyuma na majogoo. Ingieni, ingieni."

Alishageuka kufungua mlango. Mzee Athumani hakusogea.

"Ngoja kwanza, binti."

Bi Rehema akangoja, ufunguo mkononi.

"Si sijida," Mzee akasema. Sauti ile ya adhana ilikuwa imepungua mpaka ikawa ya mtu yeyote. "Ni korosho. Niliungua kwa korosho nikiwa mtoto, nikiwa sijajua hata kuswali. Na kinyozi huyu hakunikata."

"Baba," Shabani akasema.

"Korosho, mwanangu. Mlisema nyinyi, mimi nikanyamaza."

Kesho yake asubuhi alimjibu daktari maneno hayohayo, bila kuulizwa mara ya pili, na daktari aliacha kuandika, akavaa glavu, akamtazama upya. Walichukua kinyama kidogo wakakipima, kisha wakakata chote. Walimwambia angekuja mwakani wasingekuwa na la kukata. Kichwa kile nimekinyoa mara nyingi tangu hapo. Kina bonde dogo laini, nalipitia kwa vidole kwanza, na mwenyewe siku hizi anavaa kofia pana ya ukili akitoka juani. Bado ni mwadhini. Hilo hawakulikata.

Lakini wakati ule, uani kwa Bi Rehema, hakuna kati yetu aliyeyajua hayo. Kulikuwa na mzee mwenye kitambaa cha damu, amejivua jina lake mbele ya mkwewe na mbele ya mwanamke asiyemjua, anangoja kuona litakalofuata.

Bi Rehema akacheka. Hakumcheka yeye.

"Korosho!" akasema. Akapandisha mkono wa gauni, akatuonyesha kovu jeusi lililomzunguka kiwiko. "Na hili je? La mama lilikuwa shavuni, Mungu amrehemu. Nani huku hana la korosho, mzee wangu? Sema la kwako limekaa pabaya, na damu hiyo siipendi. Kesho alfajiri mnakwenda hospitali, uji nitawapikia." Akasukuma mlango wa chumba cha mbele. "Haya, ingieni. Feni haiulizi mtu ana sijida au hana."

Mzee akainama kupita mlangoni. Mimi nikabaki uani, sikujua kama chumba ni chetu sote au nitafute pengine. Shabani alikuwa amesimama, anaangalia chini. Kisha akainama, akaliokota begi langu la vifaa, akapangusa kwa kiganja kitako cha begi, palipokuwa bado pana mchanga wa boti, akaliingiza ndani.